Kupanga huduma za TB kwenye zahanati na kata zetu za Dodoma: punguza safari za mgonjwa

Wakuu habari za majukumu. Naandika hili kwa ajili ya wenzangu mlioko zahanati na vituo vya afya vya Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa, Mpwapwa na hapo Jiji, na pia wajumbe wa kamati za afya na watendaji wa vijiji ambao mnaulizwa kila siku kwamba kijiji chenu TB mnaifanyia nini.

Dawa za TB ni bure na zinafanya kazi, mtu mwenye TB ya kawaida akimeza vizuri anapona ndani ya miezi 6. Sasa kwa nini bado tunazika watu wa kifua kikuu? Kwa ninavyoona mimi sehemu kubwa ya jibu iko barabarani. Mtu anatoka kitongojini anatembea masaa 3 mpaka zahanati, anaambiwa mashine ya kupima haipo hapa nenda kituo cha afya, akifika kule anaambiwa acha makohozi urudi keshokutwa kuchukua majibu, akirudi majibu hayajatoka. Mara ya nne haendi tena, anakaa nyumbani anakohoa na wajukuu zake wako pembeni. Huyo hakukataa matibabu, nauli na miguu ndo vilimshinda. Kwa hiyo nikisema kupanga huduma za TB namaanisha hivi: makohozi yasafiri, majibu yasafiri, dawa zisafiri, mhudumu asafiri, ila mgonjwa asafiri kidogo iwezekanavyo.

Na tusijione wageni kwenye hii kazi. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977, na ni hapa Tanzania ambapo daktari Karel Styblo na wenzetu wa wakati ule walijenga ule mfumo wa kupima makohozi, kutoa dozi fupi chini ya usimamizi na kuandika kila mgonjwa ameishia wapi, mfumo ambao Shirika la Afya Duniani liliuchukua miaka ya 1990 likaupa jina la DOTS na dunia nzima ikaufuata. Ulifanya kazi kwa sababu uliingizwa ndani ya zahanati za kawaida na manesi wa kawaida, haukusubiri hospitali maalum.

Anza na ramani na kalenda

Kabla hujaomba chochote wilayani kaa chini na mtendaji wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mchore ramani kwa mkono. Vitongoji viko wapi, korongo lipi linajaa maji mvua zikinyesha, bodaboda anaishia wapi, mtandao wa simu unashika wapi, mashine ya kupima TB (GeneXpert) ya karibu iko kituo gani na inafanya kazi siku zipi. Wagonjwa wa miaka 2 iliyopita waweke alama kwa kila kitongoji. Utaona vitongoji ambavyo havijawahi kutoa mgonjwa hata mmoja, na mara nyingi sio kwamba TB haipo, ni kwamba hakuna aliyekwenda kuitafuta, hivyo ndo uanze navyo.

Alafu kalenda. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na kipindi hicho watu wako shambani, wengine wanahamia kabisa kwenye vibanda vya mashamba ya mbali. Kiangazi wafugaji wanasogea na ng'ombe kutafuta maji na malisho, na mwaka wa njaa watu wanaondoka kwenda kuhemea au vibarua mjini. Sasa mgonjwa ukimwanzishia dawa Oktoba, miezi 2 ya mwanzo atakuwa nyumbani anaumwa na anakutii, ile miezi 4 ya mwisho itaangukia katikati ya kilimo wakati ameshapata nguvu na anajiona mzima. Hapo ndo dozi zinakatishwa. Muulize siku ya kwanza kabisa, Januari na Februari utakuwa wapi? Shamba lako liko upande gani, karibu na zahanati ipi? Jibu liandike kwenye kadi, usilibebe kichwani.

Wanaokohoa hawako kwenye foleni yako

Ukisubiri waje wenyewe utapata wachache na watakuja wamechelewa. Wa kwanza kuwatafuta ni wanaoishi nyumba moja na mgonjwa uliyenaye tayari. Wengi tunajua nyumba zetu za tembe zilivyo, paa la udongo liko chini, madirisha ni tundu tu au hamna kabisa, ndani moshi, na familia nzima inalala humo. Wadudu wa TB wanaelea kwenye hewa ya namna hiyo kwa muda mrefu, nje kwenye upepo na jua hawana nguvu hiyo. Usiende kuwasema vibaya kwa nyumba yao. Shauri mlango uwe wazi mchana, mgonjwa alale karibu na mlango au chumba chake kama kipo, na shughuli za kukaa pamoja zifanyike nje kivulini. Na waambie wazi kwamba TB haiambukizwi kwa sahani wala kikombe wala kushikana mkono, maana nimeona bibi anatengewa sahani yake miezi 6 mizima wakati anaendelea kulala chumba kimoja na watoto wadogo, yaani wamezuia pasipohitajika na pa kuzuia wamepaacha.

Baada ya hapo watu wa CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU), wenye kisukari, wazee, watoto wenye utapiamlo, wabebaji mizigo kwenye masoko kama Kibaigwa ambao wanalala kwenye mabanda kwa kubanana, na vilabu vya pombe za kienyeji. Wachimbaji wadogo usiwasahau, kule Winza upande wa Mpwapwa kwenye rubi, au ukivuka Singida kule Londoni na Sekenke kwenye dhahabu, vumbi la mawe linaharibu mapafu na mapafu yaliyoharibika yanaipokea TB kirahisi sana. Magerezani pia, kama gereza liko eneo lako ongea na uongozi wake ili anayeingia achunguzwe siku ya kuingia, na anayetoka akiwa kwenye dawa atoke na kadi, dawa za kumfikisha anakokwenda, na simu iwe imeshapigwa kwenye kituo atakachopokelewa.

Kitu kingine ni duka la dawa muhimu. Mtu wa kijijini akikohoa kituo chake cha kwanza ni pale dukani, ananunua dawa ya kikohozi, wiki ijayo tena, alafu antibayotiki nusu dozi. Nenda kaongee na muuzaji kwa heshima, yeye ni mwenzako. Mwachie vikaratasi vya rufaa, mkubaliane kwamba yeyote anayekuja mara ya pili kwa kikohozi kile kile au anayekohoa wiki 2 na zaidi anapewa kikaratasi pamoja na dawa aliyokuja kununua. Na mgonjwa akifika mpigie muuzaji umwambie asante yule mama amefika, tumempima. Bila hiyo simu ataacha ndani ya mwezi. Hivyo hivyo kwa waganga wa tiba asili, wapo wagonjwa wanaoamini kifua chao kimerogwa na wataanzia huko utake usitake. Mganga ukigombana naye anawaficha, ukimheshimu wengine wanakuwa waletaji wazuri kabisa.

Pale kituoni maswali ni machache na yaulizwe mapema, mapokezi kwenye kuandikisha, sio mpaka afike kwa daktari. Unakohoa? Tangu lini? Homa hasa jioni? Jasho usiku mpaka nguo inalowa? Umepungua uzito? Kwa mtu mzima kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinatosha kumpima, kwa anayeishi na VVU kikohozi chochote hata cha jana. Mtoto mara nyingi hakohoi sana, muulize mama kama uzito umesimama kwenye kadi ya kliniki, kama amepoa hachezi, kama nyumbani kuna mtu anakohoa. Na anayekohoa usimwache kwenye benchi la ndani na wajawazito na watoto wa chanjo, mtoe nje chini ya mti, mpe barakoa kama ipo, na umhudumie wa kwanza. Wengine wakinung'unika waeleze kwa sauti ya kawaida kwamba akitoka mapema na wao wanakuwa salama. Madirisha ya chumba cha TB yafunguliwe hata asubuhi ya baridi ya Juni.

Safari ya makohozi

Hapa ndo pa kutulia maana huduma nyingi zinafia hapa. Sio lazima kila zahanati iwe na mashine, ila kila zahanati lazima iwe na makopo, fomu, boksi la baridi na mtu wa kubeba.

Kopo liandikwe jina, namba na tarehe kwenye mwili wake, USIANDIKE kwenye mfuniko, kwa sababu maabara wakifungua makopo kadhaa kwa pamoja mifuniko inabadilishana na hapo Juma anapewa majibu ya Asha. Mwambie mgonjwa asukutue mdomo kwa maji kwanza, mpeleke nje mahali pa wazi ambapo watu hawamtazami, asimame, avute pumzi ndefu aishikilie kidogo aiachie, afanye hivyo mara 2 au 3, alafu akohoe kutoka ndani kabisa ya kifua na kutema moja kwa moja kwenye kopo. Wewe simama nyuma yake upepo ukiwa mgongoni kwako. Kinachotakiwa ni kama kijiko kimoja cha chai, kizito. Kikiwa maji maji chenye mapovu hayo ni mate, mwambie kwa upole ajaribu tena, usipokee ilimradi. Akishindwa mpe kopo aende nalo nyumbani, akiamka asubuhi kabla ya kula ndo makohozi mazuri yanapatikana, ila panga nani atalifuata hilo kopo, asirudi yeye. Mtoto asiyeweza kukohoa, siku hizi hata choo chake kinaweza kupimwa kwenye GeneXpert, uliza maabara yako wanachukuaje.

Kopo likishafungwa vizuri liingie kwenye mfuko wake, likae wima kwenye boksi la baridi, fomu zikae mfuko mwingine tofauti zisilowe. Jua la Dodoma mnalijua, kopo likikaa juu ya tanki la pikipiki kuanzia Chemba limeharibika. Panga siku maalum za kubeba, mfano Jumatatu na Alhamisi, na bodaboda mmoja mwaminifu mwenye njia moja anayepita zahanati 4 au 5 mpaka kwenye mashine, hiyo ni rahisi kuliko kila zahanati kutafuta pikipiki yake. Awe anajua anabeba nini na afundishwe afanye nini kopo likivuja. Siku ya kubeba ioane na siku ya kliniki yenye watu wengi, na ioane na siku maabara inapofanya kazi, usipeleke Ijumaa jioni yakalale mpaka Jumatatu.

GeneXpert inatoa jibu kwa chini ya masaa 2 na inakwambia mambo mawili kwa pamoja, kama TB ipo na kama imeshakuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Kwa hiyo kama majibu yanachukua wiki, mashine haina kosa, ni sisi. Mwombe mtu wa maabara atume majibu siku ile ile kwa simu, namba ya mgonjwa na jibu tu, jina lisiandikwe kwenye grupu la WhatsApp. Karatasi itafuata na bodaboda. Wenzetu wa Morogoro pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) wamekuwa wakitumia panya buku tangu 2007 kunusa makohozi ambayo hadubini ilisema hayana kitu, na wanachokinusa kinathibitishwa tena maabara, wamepata wagonjwa wengi waliokuwa wamerudishwa nyumbani. Mi hiyo nachukua kama onyo kwamba jibu la hamna kitu sio mwisho wa habari, mtu akiendelea kukonda na kukohoa mrudie, mpige eksirei, muone daktari.

Siku ya kwanza ya dawa

Jibu likitoka anzisha dawa siku hiyo hiyo au kesho yake, na ikiwezekana zahanati ya kijijini kwake, asifuate hospitali kubwa. Dozi ya kawaida ni miezi 2 ya dawa 4 kwenye kidonge kimoja, alafu miezi 4 ya dawa 2. Vidonge vinahesabiwa kwa kilo, mtu mzima wa kilo 40 hadi 54 kwa kawaida anameza 3 kwa siku, wa 55 hadi 70 anameza 4, kwa hiyo mzani uwepo na uwe unafanya kazi, na mpime kila mwezi maana akipona ananenepa na dozi inaweza kupanda. Watoto wana vidonge vyao vinavyoyeyuka kwenye maji, usimkatie mtoto kidonge cha baba yake.

Mazungumzo ya siku hii yasiwe ya haraka. Funga mlango, acha dirisha wazi, kaeni. Mfano mzee anaingia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Babu, kesho ukienda haja ndogo utaona mkojo rangi ya chungwa, karibu nyekundu. Ni dawa, sio damu. Usishtuke."

"Ehee! Kumbe. Jirani yetu aliziacha kwa hiyo hiyo, alisema zinamkojoza damu."

Sentensi moja ingemuokoa yule jirani. Kwa hiyo sema yote mapema: kichefuchefu cha wiki za mwanzo kinapungua, ganzi ya miguu tuambie tutakupa vitamini, maungo yakiuma tuambie. Ila macho yakiwa ya njano, au kuona kukififia, au kutapika kusikokoma, hapo acha dawa na uje siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe. Kwa akina mama uliza njia ya uzazi wa mpango, rifampisini inapunguza nguvu ya vijiti na vidonge, mpeleke kwa nesi anayehusika abadilishiwe kabla hajaja na mimba asiyoipanga.

Kipimo cha VVU kifanyike hapo hapo kwa kila mgonjwa wa TB. Akiwa nao, ARV zianze ndani ya wiki 2 hivi isipokuwa pale TB imeingia kwenye ubongo, hiyo ni ya daktari kuamua, na kama anatumia dolutegravir, mojawapo ya ARV, dozi yake inaongezwa kwa sababu ya rifampisini. Hapa narudi kwenye safari tena: mtu mwenye yote mawili asipewe tarehe mbili, Jumanne CTC na Ijumaa TB. Tarehe moja, chumba kimoja ikiwezekana.

Chakula nacho ni sehemu ya huduma. Mgonjwa akianza kupata nafuu njaa inamshika kweli kweli, na kama ni Januari ghala limeisha anaziacha kwa sababu anasema dawa bila chakula zinamuua. Ongea na mtendaji kuhusu TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, kama kaya inastahili, ongea na kanisa au msikiti wa pale. Shauri vilivyopo, uji wa uwele wenye karanga, mlenda, kunde, mayai, na maziwa yachemshwe hasa, maana ipo TB ya ng'ombe inayopita kwenye maziwa mabichi na huku kwetu wengi tunayanywa hivyo hivyo.

Msimamizi wa dawa na boksi la kadi

Tanzania mgonjwa ana haki ya kuchagua, ameze kila siku mbele ya nesi au ameze nyumbani mbele ya msimamizi wake. Wengi watachagua nyumbani na ndo sawa. Kazi yako ni msimamizi awe mtu sahihi. Asiwe mtu anayesafiri, asiwe mlevi, na asiwe mtu ambaye mgonjwa anamwogopa. Mke wakati mwingine hawezi kumwambia mumewe meza, mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kumwambia babu yake na babu akacheka akameza. Mwite msimamizi mbele yako, mfundishe kuweka alama kwenye kadi baada ya kuona kidonge kimemezwa, sio baada ya kuambiwa.

Sasa boksi. Tafuta boksi la mbao au hata la karatasi ngumu, weka vigawanyo 31, kila kimoja ni tarehe. Kadi ya mgonjwa inayobaki kituoni unaiweka kwenye tarehe yake ya kurudi. Akija unaitoa, unaandika, unaihamishia tarehe inayofuata. Jioni ukifunga, kadi zilizobaki kwenye kigawanyo cha leo ndo watu ambao hawakuja, huna haja ya kupekua rejista wala kuwasha kompyuta, umeshika majina mkononi. Piga simu jioni ile ile. Haipatikani, piga ya msimamizi, alafu ya balozi au mwenyekiti wa kitongoji. Ndani ya siku 3 mhudumu wa jamii awe amefika nyumbani, na aende na dawa, asiende na maneno matupu. Kwenye taarifa mtu anahesabiwa amepotea akikatisha miezi 2 mfululizo, ila ukisubiri hiyo miezi 2 kwako imekuwa takwimu tu na yeye anaweza kuwa ameshatengeneza TB sugu. Unapompata usimgombeze. Uliza nini kilitokea, mara nyingi utakuta msiba, au shamba, au pombe, au dawa zilimtapisha akaona aibu kusema.

Anayehama mpe dawa za kutosha za njiani, barua ya uhamisho, na piga simu kule anakokwenda mpaka upate mtu anayesema nimempokea. Uhamisho wa barua peke yake ndo shimo ambalo tunapoteza watu wa vibarua na wafugaji.

Makohozi yanarudiwa mwisho wa mwezi wa 2, wa 5 na mwisho wa dozi kwa waliothibitishwa maabara, na hapo inatumika hadubini, sio GeneXpert, kwa sababu mashine inasoma hata vipande vya wadudu waliokufa ikakutisha bure. Kama mwezi wa 2 wadudu bado wanaonekana, kaa naye mzungumze alivyomeza na peleka sampuli ipimwe usugu.

Walioko nyumbani kwake usiwaache. Nenda kule, usiwaite. Wasio na dalili wanastahili dawa za kinga, hasa watoto chini ya miaka 5 na wanaoishi na VVU, ama isoniazidi ya kila siku kwa miezi 6 au ile ya mara moja kwa wiki kwa wiki 12, kutegemea umri na mwongozo. Ila hakikisha kwanza hawana TB, kinga ya dawa moja kwa mtu mwenye ugonjwa kamili inatengeneza usugu.

TB sugu, dawa na hela

Jibu likisema sugu, mpigie mratibu wa TB wa wilaya saa hiyo hiyo. Zamani wote tulikuwa tunawapeleka hospitali ya Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, ambako matibabu ya TB sugu nchini yalianzia 2009, familia zilikuwa zinaaga kama msiba. Baadaye huduma zikasogezwa mikoani, na kwa wagonjwa wengi sasa ipo dozi ya vidonge vitupu ya miezi 6 ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza 2022, badala ya ile ya karibu miaka 2 yenye sindano zilizokuwa zinaua masikio. Mgonjwa wako ataanzishwa kwingine lakini atarudi kumalizia kwako, kwa hiyo zahanati ijiandae, nesi apate barakoa ya N95, sio ya kitambaa, na kila siku aonekane akimeza.

Dawa zisiishe. Mgonjwa akianza, hesabu vidonge vyake vyote vya miezi 6 kwenye karatasi na uone kama vipo au viko njiani kutoka Bohari ya Dawa. Kuagiza kufanyike mapema kabla mvua hazijakata barabara, yaani Novemba uwe umeshajaza akiba ya kukufikisha Februari. Ukiona kopo la dawa linakaribia kuisha azima zahanati ya jirani na mratibu ajue, usimpe mgonjwa vidonge vya siku 3 alafu umwambie arudi.

Mwisho ni mafuta ya pikipiki. Kila nilichoandika hapo juu kinagharimu lita chache za petroli kwa wiki na vocha, sio zaidi sana, na mara nyingi hicho ndo kinachokosekana. Mpango wa afya wa halmashauri unaandikwa kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai, kwa hiyo kamati ya afya ya kituo ikae miezi kadhaa kabla, iandike njia ya kubeba makohozi kama mstari wake peke yake wenye kilomita, siku na jina la njia, isimezwe ndani ya "usimamizi shirikishi" ambako haionekani tena. Nendeni na ile ramani ya mkono na hesabu ya kadi zilizobaki kwenye boksi kila mwezi. Mganga mkuu wa wilaya akiona kwamba kitongoji fulani watu 4 walikatisha dozi Januari kwa sababu korongo lilijaa na hakukuwa na mtu wa kuvusha dawa, ana kitu cha kujadili kwenye kikao cha bajeti. Na kama fedha hazikupitishwa mwaka huu, ombeni angalau pikipiki ya chanjo inapokwenda vitongojini ibebe na makopo ikirudi, njia ni hiyo hiyo na dereva ni yule yule.